Mtetea amevimba uso na anakoroma: nimemtenga kwa hofu ya ugonjwa wa kuambukiza, naomba mwongozo

Mleta uzi, siku ya 1

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninafuga kuku 14 uani: mitetea 12, jogoo mmoja na pora mmoja. Kwa miaka minne nimepoteza kuku kwa mwewe na kwa uzee, lakini sijawahi kupata ugonjwa wa kunikosesha usingizi. Jana jioni nilipokwenda kuwafungia, mtetea mmoja hakuwa amepanda kwenye fito pamoja na wenzake. Alikuwa amejikunyata kwenye kona, manyoya yamemtutumka, mkia ameushusha, na kila akivuta pumzi alifungua mdomo kidogo na kukoroma. Nilipomwinua niliona shavu la kushoto limevimba kama aliyeumwa na nyuki, jicho limebaki mstari tu, na matundu ya pua yamezibwa na ute uliokauka na kushikana na vumbi la chakula. Mdomoni alitoa harufu ya kitu kilichooza.

Nilimtoa usiku uleule nikamweka kwenye boksi stoo, upande wa pili wa nyumba. Leo asubuhi mwingine amepiga chafya mara mbili mbele yangu, ingawa anakula na kutembea. Mgonjwa anatoa kinyesi chepesi cha kijani. Jirani mmoja ameniambia kwamba hicho kijani ndicho kideri chenyewe, nichinje wote kabla hawajafa. Mwingine ameniambia ni mafua tu na yatapita. Siwezi kuwafuata wote wawili, na kuku aliyeko stoo hanisubiri. Naomba wenye uzoefu mnielekeze nianzie wapi.

Mama Vifaranga

Pole sana, mleta uzi. Kumtoa usiku uleule kumewasaidia wenzake kuliko dawa yoyote ambayo ungempa. Sasa kamilisha kazi hiyo, kwa maana wengi wetu humtenga kuku tukasahau kwamba sisi wenyewe ndio tunaotembea kati ya pande mbili. Weka viatu vya stoo peke yake na vya bandani peke yake. Kila siku wahudumie wazima kwanza na mgonjwa awe wa mwisho, na ukishamgusa usirudi bandani kabla ya kunawa kwa sabuni na kubadili nguo. Mimi nilimaliza kuku 30 kwa kideri baada ya kumtenga mgonjwa wa kwanza vizuri kabisa, chumba chake na mlango wake, kisha nikaendelea kuchota chakula cha pande zote mbili kwa kopo moja.

Kuhusu mgonjwa mwenyewe, fikiria maji kabla ya chakula. Kuku mwenye homa anayehara hukaukiwa haraka, na huyu wako kwa jicho moja huenda hakioni hata chombo kilipo. Kiweke upande wa jicho zima, kisha mchovye ncha ya mdomo majini mara kadhaa kwa siku na umwache ameze mwenyewe. Asipokunywa, dondosha tone mojamoja pembeni mwa mdomo na usubiri ameze kabla ya kuongeza lingine. Usimfungue mdomo ukammiminia kwa bomba la sindano, kwa kuwa tundu la njia ya hewa la kuku liko palepale nyuma ya ulimi, na kuku anayehema kwa shida huvuta maji hayo mapafuni. Nimeona kuku wakifa mikononi mwa watu kwa namna hiyo, kisha lawama ukatupiwa ugonjwa. Ukipata unga wa chumvichumvi uliotengenezwa kwa ajili ya kuku, changanya kama kifungashio kinavyosema. Usipopata, maji safi yanatosha kwa leo, na usiongeze chumvi kwa kukisia kwa sababu chumvi nyingi ni sumu kwa kuku.

Umpe joto pia. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni kati ya nyuzi 41 na 42, na mgonjwa asiyekula hana nguvu ya kulilinda, ndiyo maana anatutumua manyoya. Weka taa upande mmoja tu wa boksi ili akizidiwa na joto apate pa kusogea. Pua isafishe kwa pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, karibu gramu 9 kwa lita, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Acha pamba ikae juu ya ukoko mpaka ulainike wenyewe, wala usiubandue kwa kucha. Kila pamba iliyotumika iende moja kwa moja kwenye mfuko wa kuchomwa.

Tabibu wa Mifugo

Ndugu mleta uzi, nimefanya kazi ya afya ya mifugo kwa muda mrefu, na nitaandika kwa kirefu kidogo kwa kuwa umewekewa njia mbili ambazo hakuna hata moja iliyoanza na uchunguzi.

Kwanza, rangi ya kinyesi isikutishe wala isikuamulie. Kuku asipokula, nyongo huendelea kushuka matumboni bila chakula cha kuchanganyika nacho, na hutoka ikiwa kijani. Kwa hiyo kinyesi cha kijani kinakueleza kwamba kuku hajala kwa siku moja au mbili, na jambo hilo hutokea katika kideri, katika kipindupindu cha kuku, katika homa ya matumbo ya kuku, na hata kwa kuku aliyeziba kifuko cha chakula bila ugonjwa wowote wa kuambukiza. Kutaja jina la ugonjwa kwa kuangalia kinyesi peke yake ni sawa na kumtambua mtu kwa kivuli chake.

Kinachosaidia zaidi ni mwendo wa ugonjwa bandani. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, na jina lake la kitaalamu limetokana na mji huo. Kikiingia kwa kuku wasiochanjwa kikiwa katika aina yake kali, hakiendi kwa kunong'ona. Unalala na kuku wazima, unaamka na wawili wamekufa, na ndani ya siku chache banda linabaki tupu au karibu tupu. Wale wanaochelewa kufa huonyesha mishipa ya fahamu kushambuliwa: shingo inapinda, kichwa kinatazama juu au nyuma, bawa linaning'inia, mguu unapooza. Virusi hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla dalili hazijaonekana, mara nyingi siku 5 au 6, na hilo ndilo linalowafanya watu waamini kwamba ugonjwa umetokea hewani.

Uvimbe wa uso pamoja na ute wenye harufu mbaya unanivuta upande wa mafua ya kuku, ambayo huletwa na bakteria. Huanza upesi sana, kati ya siku 1 na 3 tangu kuku akutane na mgonjwa, huenea kwa kasi, hupunguza mayai, lakini peke yake huua wachache. Maikoplazma, bakteria wa aina nyingine, nayo huleta povu jichoni na kukoroma, ila mwendo wake ni wa polepole, wiki hadi wiki, na harufu ile huwa haipo. Ndui ya kuku ungeitambua kwa vipele na magamba kwenye upanga na ndevu, ingawa ipo aina yake inayoota utando mdomoni na kumziba kuku pumzi. Ndiyo maana nakuomba umfungue mdomo taratibu penye mwanga na utazame kama kuna utando wa njano.

Nimebakiza moja kwa makusudi. Mafua ya ndege, yanayosababishwa na virusi vya influenza kama H5N1, ni ugonjwa mwingine kabisa licha ya kufanana jina, na yanaweza pia kuvimbisha uso. Huko Hong Kong mwaka 1997 virusi hivyo viliwapata watu 18, na 6 kati yao wakafariki. Sisemi kwamba ndicho ulicho nacho, na dalili ulizoeleza hazinipeleki huko. Lakini hakuna mtu, hata mimi, anayeweza kukiondoa kwa kusoma dalili tu. Kwa hiyo mpaka upate majibu ya maabara vaa barakoa na glavu unapomgusa, usiruhusu watoto wamkaribie, na ukiona vifo vya ghafla, upanga ukigeuka zambarau au miguu ikivilia damu, acha kila kitu na utoe taarifa kwa ofisi ya mifugo siku hiyohiyo.

Sasa nijibu maswali haya. Kuna kuku yeyote aliyeingia bandani katika mwezi huu mmoja? Mara ya mwisho walichanjwa lini, na dhidi ya nini? Kuna aliyekufa? Mayai yalikuwa mangapi kwa siku wiki iliyopita, na leo ni mangapi? Bata, njiwa au ndege wa porini wanakunywa kwenye vyombo vyao?

Pora wa Uani

Wakuu, nawaheshimu wote, lakini mnamchosha mwenzetu kwa maelezo. Mimi hubakiza nusu pakiti ya antibayotiki kila mara, na kuku akianza kukohoa nawawekea wote majini siku mbili tatu. Mara nyingi wanapona. Akifanya hivyo leo, kesho atakuwa amejua kama inafanya kazi.

Tabibu wa Mifugo

Ndugu Pora wa Uani, nitakujibu kwa heshima hiyohiyo. Antibayotiki haiui virusi, kwa hiyo ikiwa ni kideri utakuwa umepoteza siku tatu ambazo ni sawa na banda zima. Ikiwa ni bakteria, dozi ya siku mbili hupunguza dalili bila kumaliza wadudu, na wale wanaosalia ndio walioizoea dawa. Tena mkulima anayeanza na dawa huharibu sampuli, kwa kuwa maabara itajaribu kuotesha bakteria waliokwisha kudhoofishwa na haitaona kitu, hivyo atapewa jibu la "hakuna" huku kuku wakiendelea kuvimba. Hao waliopona kwako, huenda baadhi wangepona kwa maji na joto tu.

Kisu Mkononi

Kuna njia rahisi ambayo hakuna aliyeitaja. Mgonjwa achinjwe leo akiwa bado ana nyama, aliwe, na waliobaki wachanjwe mara moja. Chanjo itawakinga.

Mama Vifaranga

Kaka, hapo naomba nikuzuie kabla mleta uzi hajanoa kisu. Wakati wa kuchinja na kunyonyoa ndipo mtu anapokutana na damu, ute na utumbo wa kuku kwa ukaribu kuliko wakati mwingine wowote, na maji ya kunyonyolea humwagwa palepale kuku wengine wanapopekua. Kupika kunaua virusi na bakteria, hilo ni kweli, lakini ugonjwa humpata mchinjaji kabla sufuria halijainjikwa. Kuku mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini haliwi, na mayai yake pia hayaliwi.

Na hiyo chanjo ndiyo iliyonimaliza mimi. Nilipoona wawili wamekufa nilimwita mchanjaji, akawashika wote mmoja baada ya mwingine kwa mikono ileile. Waliokwisha kuambukizwa chanjo haikuwafaa, kwa sababu mwili huhitaji siku kadhaa kujenga kinga, na ambao walikuwa bado wazima nadhani tuliwapelekea ugonjwa kwa viganja vyetu.

Mleta uzi, siku ya 3

Nimewasoma wote na nimetii. Nijibu maswali kwanza.

Bata na njiwa sina, ingawa shomoro hushuka kuokota chakula. Chanjo ya kideri walipata miezi miwili iliyopita kwa tone la jicho, na niliwashika mwenyewe mmoja mmoja. Chanjo nyingine hawajawahi kupata. Hakuna aliyekufa. Mayai yalikuwa 8 kwa siku wiki iliyopita, jana yalikuwa 5, na leo ni 3.

Swali la kuku mpya limeniuma. Huyo pora mmoja niliyemtaja nilimpata siku 9 zilizopita, na nilimtia bandani jioni ileile kwa sababu alionekana mchangamfu na mwenye upanga mwekundu. Nilipomshika leo kwa makini, nimekuta ukoko mdogo kwenye tundu moja la pua, mdogo kiasi kwamba nisingeuona kama Tabibu asingeniuliza. Hajavimba, anakula, na anawafukuza wenzake. Inawezekanaje awe yeye?

Mtetea wa kwanza nilimfungua mdomo penye mwanga, utando hakuna. Anakunywa ninapomchovya, na jana alidonoa pumba zilizolowekwa. Jicho bado limefumba. Lakini bandani sasa wanapiga chafya wanne, na wawili kati yao wameanza kuvimba chini ya jicho.

Tabibu wa Mifugo

Inawezekana, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Kuku aliyewahi kuugua mafua ya kuku akapona hubaki amebeba bakteria puani kwa miezi mingi, pengine maisha yake yote, bila kuonyesha dalili. Kwa kule alikotoka alikuwa mzima miongoni mwa waliokwisha kupona. Kwako amekuta kuku ambao hawajawahi kukutana na bakteria hao, na usumbufu wa kuhamishwa wenyewe unatosha kumfanya aanze kuwatoa tena kwa wingi. Ndiyo sababu kuku mgeni hukaa peke yake siku 30, hata akiwa mzuri kiasi gani, na wengine huweka naye mtetea mmoja wa nyumbani katika wiki ya mwisho ili kuona kama ataambukizwa, kabla ya kuhatarisha banda zima.

Siku tatu, wagonjwa watano, hakuna kifo, mayai yameshuka, shingo hazijapinda, na chanjo ya kideri iko ndani ya muda wake. Picha inaelekea kuwa ileile niliyoihisi, lakini sasa una sababu zaidi ya kupima, kwa kuwa matibabu yatawahusu wote. Piga simu kwanza kwa mtaalamu wa mifugo wa eneo lako, usimbebe kuku ndani ya chombo cha abiria. Mwambie una wagonjwa wapya, na sampuli ichukuliwe kwa hao walioanza kuvimba leo wala si kwa yule wa kwanza, kwa sababu siku za mwanzo ndipo bakteria huwa wengi na hawajachanganyika na wengine wanaovamia baadaye. Ute utachukuliwa kwa kijiti chenye pamba kutoka ndani ya uwazi wa chini ya jicho, na mtaalamu atachukua vilevile kijiti cha koo na cha njia ya kinyesi ili virusi vya kideri na vya mafua ya ndege vitafutwe kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi. Akitokea kufa mmoja, mwili uwekwe ndani ya mifuko miwili na ukae juu ya barafu, usigandishwe, ufike maabara ndani ya saa 24. Usimpasue nyumbani.

Usitoe kuku wala yai nje ya uzio wako mpaka majibu yaje. Wagonjwa watano wakae pamoja sasa, hakuna haja ya maboksi matano. Pora naye ajiunge nao.

Mleta uzi, siku ya 9

Majibu yametoka. Kideri hakuna, mafua ya ndege hakuna. Wameotesha bakteria wa mafua ya kuku kwenye sampuli zote mbili za uso, na maikoplazma haikuonekana. Siwezi kueleza nilivyovuta pumzi.

Tangu siku ya tatu waliovimba walifika 9 na sijapoteza hata mmoja. Mtaalamu alikuja, na kwa kuwa maabara ilijaribu dawa kadhaa dhidi ya bakteria hao, alichagua moja ya jamii ya antibayotiki ziitwazo tetrasaiklini, siku 5 kwenye maji, kwa kuku wote 14. Aliniachia maelekezo ambayo sikuwahi kuyafikiria, nayaandika hapa kwa faida ya atakayefuata. Maji yenye dawa yawe ndiyo maji pekee wanayoyaona, kwa hiyo nilifunika hata karai la bustani. Yachanganywe upya kila asubuhi na yakae kivulini. Kisha akaninyang'anya kile chombo cha maganda ya konokono niliyokuwa nawawekea kwa ajili ya gamba la yai. Alisema madini ya chokaa hushikana na dawa hiyo tumboni na kuizuia kuingia mwilini, hivyo ningekuwa natibu kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mwingine. Mayai ya siku zote za dawa, na ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti baada ya dozi kuisha, nayazika.

Wawili waliokuwa hoi hawanywi vya kutosha kupata dozi kwa maji, hivyo amewachoma sindano.

Kazi iliyonichukua muda ni macho. Kila asubuhi nilimfunga mtetea wa kwanza kwa taulo, mabawa ndani, kichwa nje, nikaweka pamba ya uvuguvugu juu ya jicho mpaka kope zilainike. Siku ya sita kope ziliachana na kikatoka kipande kigumu cha njano, kama punje ya jibini, kikubwa karibu kama jicho lenyewe. Nilidhani nimemng'oa jicho. Lilikuwa chini yake, jekundu, lakini zima, na liliutazama mkono wangu.

Mama Vifaranga

Huo usaha mgumu huwa unawatisha wengi, na umefanya vyema kutoukamua. Ninakupongeza. Ninachokuomba ni kwamba usilegeze viatu na kunawa kwa kuwa tu umepata jina la ugonjwa.

Pora wa Uani

Hongera, mkuu, na ninakiri kwamba nusu pakiti yangu isingefika hapo. Nina swali moja. Wakishapona, si unaweza kuwauza hai ukaanza upya na wengine?

Tabibu wa Mifugo

Swali hilo ndilo gumu kuliko yote katika ugonjwa huu, na nafurahi limeulizwa mapema. Dawa imeondoa uvimbe. Haijawaondolea kuku ubebaji. Kuanzia sasa wachukulie wote 14 kwamba kila mmoja ni sawa na yule pora alivyokuwa siku alipoingia kwako: mchangamfu, upanga mwekundu, na ugonjwa puani. Akiuzwa hai, uzi kama huu utafunguliwa na mtu mwingine baada ya wiki mbili.

Mleta uzi ana njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuwamaliza wote baada ya muda wa dawa kupita, kwa kuwachinja na kuwala wakiwa wamepona, jambo ambalo halina madhara, kisha kusafisha banda na kuliacha tupu. Bakteria hawa ni dhaifu sana nje ya mwili wa kuku na hufa ndani ya siku chache, hivyo wiki tatu za banda tupu na kavu zinatosha kabisa. Ingekuwa kideri, au vimelea vya kuhara damu, ningeongea lugha nyingine. Njia ya pili ni kuwabakiza kama kundi lililofungwa: haingii kuku mpya, hatoki kuku hai, mpaka wa mwisho amalize umri wake wa kutaga. Katika njia hiyo utarajie kwamba baridi, kuhama au kubadili chakula ghafla kunaweza kurudisha chafya kwa baadhi yao.

Lipo jambo moja la kukufariji. Mafua ya kuku hayapiti ndani ya yai, tofauti na maikoplazma. Ukitaka kuendeleza uzao wa hao mitetea, mayai yao yanaweza kutotolewa kwenye mashine na vifaranga wakakulia mahali ambapo mzazi hafiki wala viatu vya mzazi havifiki.

Kuhusu usafi, ondoa maranda yote uyazike au uyachome, osha kwa maji na sabuni mpaka uone mbao, na uache zikauke ndipo upake dawa ya klorini. Klorini ikikutana na kinyesi huishia kwenye kinyesi, na ndani ya banda lililofungwa mvuke wake ukichanganyika na ule wa mkojo wa kuku hukaba kifua, chako na chao. Madirisha yawe wazi.

Kisu Mkononi

Nimejifunza. Ila kwa hesabu zangu bado ningechagua njia ya kwanza, kwa kuwa kundi lililofungwa ni kifungo cha mfugaji pia.

Mleta uzi, siku ya 31

Narudi kama nilivyoahidi. Chafya ya mwisho niliisikia siku ya 19. Mayai yamefika 6 kwa siku, na siku za kusubiri dawa ziliisha zamani, kwa hiyo tumeanza kuyala. Mtetea wa kwanza jicho lake limebaki na ukungu mdogo upande wa nyuma, na amezoea kugeuza kichwa kizima anapotaka kuona kitu cha upande huo. Alitaga jana.

Nimechagua kundi lililofungwa. Ndugu Kisu Mkononi yuko sahihi kwamba ni kifungo. Wiki iliyopita nilikataa tembe wawili wazuri niliopewa zawadi, na aliyenipa hakufurahi mpaka nilipomweleza kwamba ningewapokea leo, wangevimba keshokutwa. Mayai 10 yako kwenye mashine ya kutotolea ya rafiki asiyefuga kuku, na vifaranga watakaa kwake hadi nijenge banda la pili upande ule wa stoo. Kazi yao ataifanya yeye, nami nitawatazama nje ya wavu.

Pora ameanza kuwika, kwa sauti ya kukwaruza ambayo bado sina hakika kama ni ya umri au ya ugonjwa. Nilifikiria kumwondoa peke yake kwa hasira, kisha nikakumbuka kwamba sasa hana alichonacho ambacho wenzake 13 hawana. Jozi mbili za viatu zingali mlangoni, nimeziandika kwa rangi nyeupe: BANDA, STOO.